Kuuza tela hakufuti kibali cha forodha

Hapa Mbeya nasikia mara nyingi: "Nimeshauza, mkataba una muhuri wa wakili, kibali sasa ni cha mnunuzi." Si kweli hata kidogo. Tela lenye namba za Zambia lililoingia Tanzania kupitia mpaka wa Tunduma kwa kibali cha muda halikulipiwa ushuru. Liliruhusiwa litumike kisha lirudi, ndani ya muda usiozidi miezi 12 kwa sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004. Mkataba ni wenu wawili. Forodha inamjua aliyeandikwa kwenye kibali. Nendeni TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) kabla ya kupeana pesa. Ama tela litoke mpakani na lisajiliwe kuwa limetoka, ama ushuru ulipwe libaki. Na jamani, karatasi inayoonyesha kibali kimefungwa itunzeni, hata kama tela limeshafika Makambako kubeba mbao.