Saa 8 za usukani: dereva wa lori na tajiri wake wayajue haya

Malalamiko ya madereva wa malori ya chumvi kutoka Gongoni na Marereni yanazidi kufika ofisini kwetu hapa Malindi, tunakopokea madai ya wafanyakazi, na karibu yote ni ya aina moja. Gari linapakiwa mchana, linaondoka magharibi, na tajiri anataka lishushe Nairobi kesho yake asubuhi. Dereva ni mmoja.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hairuhusu mtu kuendesha gari la biashara zaidi ya jumla ya saa 8 ndani ya saa 24. Hesabu haianzi upya kwa sababu kumekucha. Aliyeshika usukani tangu saa kumi na mbili jioni hadi saa saba usiku ameshatumia saa 7. Akilala kidogo Voi, akaamka alfajiri, amebakiwa na saa moja tu mpaka jioni ifike tena.

Gongoni hadi Nairobi, hata ukikatia Mavueni kutokea Mariakani, si chini ya kilomita 550. Lori lililosheheni likienda wastani wa kilomita 50 kwa saa, hizo ni saa 11. Kwa hiyo ama pawe na dereva wa pili mwenye leseni ya daraja la gari hilo, ama gari lilale njiani. Utingo si dereva wa pili. Tumelisema hili mara nyingi na bado tunajibiwa kwamba "huyo kijana gari analijua".

Na muguka, yale majani ya kutafuna, hauchukui nafasi ya usingizi. Unakufanya usihisi uchovu, lakini uchovu wenyewe uko palepale. Watafiti wamepima wakaona kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo uwezo wake hushuka kama wa mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, lori hukata mita 22 kila sekunde. Ukisinzia sekunde 4 tu, karibu mita 90 zimepita gari likijiendea lenyewe. Anayesababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari anakabiliwa na kifungo cha hadi miaka 10, na tajiri hatamtumikia nusu yake.

Matajiri nao hutuambia dereva alikubali mwenyewe, tena analipwa kwa tripu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inayahesabu kuwa batili makubaliano yanayomnyima mfanyakazi haki iliyomo humo, na mojawapo ni angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku 7. Siku ya kushinda kwenye foleni ya kupakia, huku unasogeza gari na kulinda turubali, ni siku ya kazi. Tunashangaa kwamba jambo hili bado linabishaniwa. Penye kosa ambalo sheria hiyo haikulitajia adhabu yake, adhabu ya jumla ni faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi miezi 3, au vyote viwili.

Wapo madereva wanaonyamaza kwa kudhani asiye na mkataba hana kesi. Kazi ya miezi 3 au zaidi inatakiwa iwe na mkataba wa maandishi, na kuuandaa ni jukumu la mwajiri. Kesi ikifika mahakamani naye akashindwa kutoa maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unakuwa wake. Kulalamika kwa nia njema si sababu halali ya kumfuta mtu kazi.

Anayekuja ofisini aje na kitambulisho, leseni, karatasi za mzigo, risiti za mizani na ujumbe wa simu unaoonyesha aliagizwa aondoke saa ngapi. Tafadhali msifute ujumbe huo. Afisa ataandika madai, kisha atamwita mwajiri ajibu, na pande zote mbili zitasikilizwa. Wasipoafikiana, shauri huenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo husikiliza kesi hapa hapa Malindi. Muda wa kudai ni miaka 3 tangu kosa litendeke, na baada ya hapo hata sisi hatuna la kufanya.