Jiwe moja, mara kubwa mara dogo: vinyume na urafiki katika vitabu vya picha

Katika madarasa mengi ya maternele, yaani shule ya chekechea, hapa Goma, somo la vinyume hufundishwa kwa kuimba. Mama mwalimu anasema "kubwa", watoto wanajibu "ndogo". Anasema "juu", wanajibu "chini". Darasa linachangamka, na mzazi anayepita nje anafurahi. Lakini mchukue mtoto mmoja pembeni, mwekee mawe mawili, mwombe akupe lile dogo: mara nyingi mkono unasita. Wimbo ameushika, maana bado.

Sisi tunaoshughulika na usomaji wa watoto wadogo tunawaomba wazazi na walimu waanzie kwenye kitabu cha picha, mtoto akiwa mapajani au kwenye mkeka, kurasa zikifunguliwa polepole.

Tazama ugumu wa neno "kubwa". Jiwe la volkano ambalo mtoto anaweza kulikalia ni kubwa likiwa kando ya kokoto, na ni dogo likiwa kando ya lile ambalo mafundi wanalipasua kwa nyundo ili kujenga ukuta. Jiwe halijabadilika, kilichobadilika ni jirani yake. Mtu mzima amezoea hilo hata halioni. Mtoto wa miaka mitatu anahitaji kuona vitu viwili kwa pamoja, kisha akione kimojawapo tena kando ya kitu cha tatu. Kitabu kinaiweza kazi hiyo vizuri: kurasa mbili ziko wazi, huku jiwe, huku kokoto. Unafungua, na jiwe lile lile sasa liko chini ya Nyiragongo, mlima wa mita 3,470. Muulize mtoto: "Jiwe letu likoje sasa?" Usimjibie. Mwache atazame.

Jambo jingine ambalo wazazi wengi hawaambiwi ni kwamba maneno mawili ya kinyume hayaji pamoja. Mwaka 1968 watafiti Margaret Donaldson na George Balfour waliwaonyesha watoto wa Uskoti, wenye miaka mitatu na nusu hadi minne hivi, miti miwili ya kuchezea iliyotundikwa matunda, wakawauliza ni upi wenye matunda machache zaidi. Wengi walionyesha ule wenye mengi. Wataalamu wamebishana sana kuhusu sababu yake. Kuna wanaosema neno la upande wa "nyingi" huingia akilini mapema kuliko la upande wa "chache", na kuna wanaosema mtoto akiwa na shaka huelekea tu penye vingi. Kwa mzazi, funzo la vitendo ni lile lile: mtoto anayekupa sahani iliyojaa ulipomwomba ile yenye kidogo hakukaidi, wala si mzito wa akili. Asipigwe kelele. Unapomsomea, kaa zaidi kwenye neno la pili, yaani ndogo, fupi, chache, nyepesi. La kwanza litajileta lenyewe.

Kabla ya hayo yote kuna vinyume ambavyo mikono ya mtoto inavijua tayari, na Kiswahili kinavipanga kwa namna inayosikika vizuri masikioni: funga na fungua, funika na funua, kunja na kunjua, pakia na pakua, anika na anua, vaa na vua. (Wengi wetu nyumbani tunasema "fungula", na mtoto wa miaka mitatu hana haja ya kusahihishwa kwa hilo.) Mtoto amemwona mama akifunika sufuria ya sombe na kuifunua, akikunja kitenge na kukikunjua. Kitabu chenyewe kinafungwa na kufunguliwa. Kwa hiyo ningeanza na vitendo hivyo, halafu ndani na nje, juu na chini, na kuziacha sifa za vitu zije baadaye.

Kuhusu picha zenyewe nina ombi moja kwa wachoraji na kwa walimu wanaochora ukutani: kibadilike kitu kimoja tu. Ukitaka kuonyesha "ndefu" na "fupi", chora fimbo mbili za rangi moja na unene mmoja. Ukichora baba mrefu na mtoto mfupi, mtoto anaweza kuondoka akiamini kwamba "mrefu" maana yake ni mtu mzima. Ukichora bidoni (dumu la maji) ya njano iliyojaa na ya bluu iliyo tupu, usishangae akidhani unafundisha rangi.

Hapo tunafika penye jambo ninaloliona zito kuliko yote. Vinyume ni vya vitu, vya mahali na vya vitendo. Watoto si vinyume. Kuna picha zinazoonyesha "mtoto mzuri" na "mtoto mbaya", "msafi" na "mchafu", na yule mbaya ndiye mwenye nguo zilizochanika na miguu mitupu. Katika mji ambao familia nyingi zimefika zikikimbia vita kutoka Masisi na Rutshuru, ambako benchi moja la darasa katika mitaa ya Ndosho au Majengo linaweza kukaliwa na watoto wanaoongea Kihunde, Kinande, Kinyarwanda na Mashi nyumbani kwao, picha ya namna hiyo inamfundisha mtoto kumkwepa mwenzake kwa kumtazama tu. Mimi kitabu cha hivyo siwezi kukiingiza darasani, hata kikiwa na rangi nzuri namna gani. Ukitaka "msafi" na "mchafu", chora mtoto mmoja: ukurasa huu amerudi kucheza, vumbi jeusi limemjaa miguuni, ukurasa wa pili ametoka kuoga. Ukitaka "analia" na "anacheka", iwe sura ile ile. Kila anayetazama ajue kwamba pande zote mbili zinaweza kuwa zake.

Urafiki unaingia papo hapo. Robert Selman, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeandika sana juu ya jambo hili katika miaka ya 1970 na 1980, alionyesha kwamba kwa mtoto mdogo rafiki ni yule anayecheza naye sasa hivi, aliye karibu, mwenye mpira. Ndiyo maana asubuhi anasema "wewe si rafiki yangu tena" na saa sita wanagawana andazi. Mzazi asiligeuze hilo kuwa kesi. Lakini kitabu kinachohubiri "urafiki ni uaminifu" kinampita juu ya kichwa. Kinachomfikia ni tendo analoliona: amempa, amemngoja, amemrudishia, amerudi.

Hadithi nyingi za marafiki wanaotofautiana hutumia njia rahisi: mrefu anachuma mapera, mfupi anapenya chini ya ua, basi wanahitajiana. Si mbaya. Ila mtoto asiyejua kuchuma wala kupenya, au anayechechemea, atapendwa kwa lipi? Napendelea hadithi ya ugomvi na kupatana, kwa sababu vinyume vyake ndivyo mtoto anavyoviishi: kunyang'anya na kurudisha, kuondoka na kurudi, mbali na karibu, kukasirika na kutulia.

Namna ya kusoma nayo ina uzito wake. Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake huko Marekani walitoa matokeo ya utafiti kwa watoto wa miezi 21 hadi 35. Wazazi wa kundi moja walifundishwa kuuliza maswali ya wazi, kupanua jibu la mtoto na kumwachia asimulie, huku wengine wakisoma kama kawaida yao. Baada ya mwezi mmoja tu, watoto wa kundi la kwanza walikuwa mbele katika kuzungumza. Kwa hiyo usimuulize "kinyume cha karibu ni nini?" Hilo ni swali la mtihani. Muulize: "Huyu anaenda wapi? Kwa nini amemgeuzia mwenzake mgongo? Wewe ungefanya nini?" Akijibu kwa neno moja, "mbali", mwongezee: "Ndiyo, ameenda mbali, mpaka kwenye mti." Kisha kitabu hicho hicho kirudiwe kesho na kesho kutwa. Watoto hawachoki, sisi ndio tunaochoka.

Soma kwa lugha ya nyumbani. Sheria ya elimu ya Februari 2014 katika nchi yetu, Kongo, inatambua lugha za taifa na lugha za mahali kuwa lugha za kufundishia, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Kifaransa kitapata nafasi yake. Mtoto aliyeelewa "nzito" na "nyepesi" kwa Kiswahili atabakiza kujifunza majina mapya tu ya kitu anachokijua.

Vitabu ni haba, na bei ni kali. Mradi wa African Storybook wa Afrika Kusini unatoa bure hadithi zenye picha, nyingi kwa Kiswahili, na yeyote anaruhusiwa kuzichapa. Na kitabu cha kujitengenezea kinafaa kabisa: karatasi mbili zilizokunjwa katikati na kushonwa kwa uzi wa gunia zinatoa kurasa nane. Jalada liwe la kartoni, na uchore kwa penseli au makaa.

Mfano ni huu, wa watoto wawili, Amani na Riziki, na kachukudu kao (chukudu ni kigari cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo). Ukurasa wa 1: chukudu tupu. Wa 2: imejaa viazi. Wa 3: wanapanda, Amani anasukuma nyuma. Wa 4: wanashuka, Riziki yuko mbele. Wa 5: Riziki amekimbia na chukudu, Amani yuko mbali. Wa 6: Amani amekaa juu ya jiwe, amenuna. Wa 7: Riziki amerudi, yuko karibu, anamnyooshea mkono. Wa 8: wanasukuma pamoja. Usiandike zaidi ya maneno matatu kwa ukurasa. Na msiache kubadilishana zamu: mtoto mmoja asiwe kila mara wa nyuma, mwingine wa mbele.

Utajuaje kama ameelewa? Sikiliza nje ya kitabu. Akijaribu kuinua bidoni akasema "nzito", ukamwaga maji akainua tena akasema "sasa nyepesi" bila kuulizwa, ongeza jozi nyingine. Jana na kesho, kabla na baada, zisubiri mpaka miaka mitano au sita, kwa sababu hazichoreki kirahisi kwenye ukurasa mmoja, na watoto wengi huzichanganya hata baada ya kuanza shule ya msingi.