Kazi ya Kwanza ya Mtandaoni kwa Mwanafunzi wa Chuo: Anza na Hesabu ya Saa Yako

Wiki chache baada ya bumu, yaani posho ya mkopo, kuingia, dawati letu la ushauri wa ajira kwa wanafunzi huanza kujaa. Posho ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23. Aliyepanga chumba nje ya chuo, akala milo miwili na kutoa nakala za kazi za darasani, mara nyingi hafiki nayo hadi bumu lijalo. Ndipo swali linapokuja: "Mwalimu, nijisajili wapi nipate kazi ya mtandaoni?"

Jibu letu huwaudhi baadhi yao, maana tunawarudisha nyuma hatua mbili. Tunamtaka mwanafunzi atuambie kwanza atamuuzia mtu kitu gani, kisha apige hesabu ya saa yake moja: baada ya makato, bando na marekebisho, inabaki shilingi ngapi? Mahali pa kujisajili tutapafikia. Wengi walioanza na usajili wana akaunti sita zenye picha nzuri na hawajawahi kulipwa hata mara moja.

Ukiombwa pesa, hiyo si kazi

Nalisema hili mapema kwa sababu ndipo wanafunzi wanapopoteza ada. Mwaka 2009 Watanzania walikuwa "wakipanda mbegu" DECI, mpango wa upatu ulioahidi kuwarudishia pesa nyingi kuliko walizoweka. Mapema mwaka 2025 ikawa zamu ya LBL: watu walilipa kiingilio kwa ahadi ya kupata pesa kila siku kwa kutazama matangazo ya filamu kwenye simu na kuwaleta wenzao, mpaka vyombo vya dola vilipoingilia kati. Majina hubadilika, lakini mfumo ni uleule. Anayetazama tangazo hatengenezi kitu ambacho mtu yeyote angekinunua, kwa hiyo pesa anayopewa imetoka kwa aliyeingia baada yake.

Siku hizi mtego mara nyingi huanzia WhatsApp au Telegram. Mtu usiyemjua anakutumia "kazi ndogo" ya kupenda video tatu, na kweli analipa shilingi elfu mbili tatu. Malipo hayo ni chambo. Siku ya pili au ya tatu unaambiwa kuna kazi za daraja la juu, ila uweke kwanza elfu hamsini za dhamana. Ukizituma, hazirudi.

Upo mtego mwingine unaozungumzwa kidogo kuliko unavyostahili. Unaombwa ukodishe laini yako ya simu, au usajili laini kwa namba yako ya NIDA, ili "kampuni" ipokelee pesa. Pesa za wizi zikipita humo, jina litakaloonekana polisi ni lako. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, nenda kaifute kwa mtandao husika. Ujumbe wa kitapeli utume namba 15040, ni bure.

Saa moja inalipa kiasi gani?

Chukua kazi ambayo karibu kila mwanafunzi anayeandika Kiswahili vizuri anaweza kuianza: kugeuza sauti kuwa maandishi, ambayo watafiti huiita unukuzi. Wanafunzi wa uzamili na miradi ya utafiti hurekodi mahojiano kwa Kiswahili, kisha wanahitaji mtu wa kuyaandika neno kwa neno. Tuseme mmekubaliana shilingi 600 kwa kila dakika ya sauti, na mahojiano ni ya dakika 60. Hiyo ni shilingi 36,000, na inaonekana ni pesa ya haraka.

Kwa uhalisia, mzoefu hutumia kama saa nne kuandika saa moja ya sauti safi. Mgeni wa kazi ajipangie saa sita. Toa shilingi 2,000 za bando, inabaki 34,000, yaani kama 5,600 kwa saa. Sasa tuseme mahojiano yalifanyika pembeni ya stendi, wanazungumza watu wanne, na wawili kati yao wanakatizana kila mara. Kazi ileile inakula saa tisa, na saa yako imeshuka chini ya 3,800. Kwa hiyo kabla ya kutaja bei, omba usikilize dakika tatu za katikati ya rekodi, usiridhike na mwanzo pekee. Mwanzoni kila mtu huongea kwa utaratibu.

Ukishaizoea hesabu hii, utaitumia kwa kila kazi unayoletewa. Fiverr, jukwaa la kuuzia huduma mtandaoni, kwa mfano, hukata asilimia 20 ya kila malipo ya muuzaji. Kazi ya dola 5, tuseme ya kuchora nembo ya duka, inakuachia dola 4. Ikiwa nembo hiyo ya duka imerekebishwa mara nne na kukuchukua saa tatu, umefanya kazi kwa dola moja na senti thelathini na kitu kwa saa, na bado hujatoa gharama ya kuitoa pesa yenyewe. Haimaanishi uikatae, kwa kuwa kazi ya kwanza huleta maoni ya mteja, na maoni hayo ndiyo yatakayokuuza baadaye. Lakini ujue unalipwa nini, na uandike mapema kwamba marekebisho ni mawili.

Kiswahili chako ni mtaji

Maoni yangu ni haya: mwanafunzi wa Tanzania anayeanza asikimbilie kuandika makala za Kiingereza akishindana na dunia nzima. Kiswahili kinamtoa kwenye msongamano. Wanaokihitaji kwa maandishi sanifu ni wengi, kuanzia mashirika ya afya na kampuni za programu za simu hadi watengeneza video wanaotaka manukuu chini ya picha, na wanaoweza kukiandika bila makosa ni wachache kuliko tunavyodhani. Mashine za kutafsiri zimeshusha bei ya tafsiri rahisi, hilo hatuwezi kulificha. Hata hivyo zimezaa kazi ya kuhariri tafsiri hizo, maana bado huchanganya ngeli na kuandika sentensi ambazo hakuna mtu wa Tanga wala Tabora angezitamka.

Mteja atataka kuona sampuli. Huna? Itengeneze wiki hii. Chukua dakika tano za mjadala wa Bunge kwenye video, ziandike neno kwa neno, kisha linganisha na Hansard, kumbukumbu rasmi ya mijadala, ambayo Bunge lenyewe huichapisha katika tovuti yake. Hansard huwa imehaririwa kidogo, hivyo tofauti ndogo zisikutishe, lakini utaona wazi majina uliyokosea na namba ulizosikia vibaya. Mazoezi ya kujitolea yapo pia. Wikipedia ya Kiswahili inahitaji wahariri, na Common Voice ya Mozilla inakusanya sauti za Kiswahili. Huko hakuna malipo. Unachopata ni mkono kuzoea na kazi ya kuonyesha, basi.

Vifaa visikuumize kichwa. Kompyuta mpakato ya kuazima na spika za masikioni zinatosha. Programu ya bure ya oTranscribe inafungukia kwenye kivinjari na inakuruhusu kusimamisha na kurudisha sauti bila kuacha kuandika. Asiye na kasi ya vidole anaweza kuisikiliza sauti masikioni na kuirudia kwa kinywa chake kwenye kibodi ya Google, ambayo inaelewa Kiswahili, kisha akasahihisha. Tahadhari moja: mahojiano ya utafiti ni siri za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na mtafiti akigundua umepakia sauti za wagonjwa wake kwenye tovuti ya bure usiyoijua, utapoteza mteja na huenda zaidi ya hapo.

Duka la jirani nalo liko mtandaoni

Hapa ndipo tunapowapeleka wanaoanza bila kompyuta. Mama anayeuza vitenge ana WhatsApp Business, lakini katalogi yake haina bei, picha zina giza, na wateja wanaouliza saa tatu usiku hujibiwa kesho yake mchana. Kazi yako ni kupiga picha upya mchana penye mwanga, kuweka bei na vipimo, kuandaa majibu ya haraka, kutengeneza tangazo moja kila wiki kwa Canva, programu ya kubuni picha, na kuliweka duka kwenye ramani ya Google. Yote yanafanyika kwa simu.

Usiende na barua ya kuomba kazi. Nenda na kitu kilichokwisha fanyika, hata kama ni picha tatu tu: "Shikamoo mama. Mimi nasoma hapa chuoni, mwaka wa pili. Nimekuwa nikiona bidhaa zako kwenye WhatsApp, ni nzuri ila hazina bei, na wateja wanaogopa kuuliza. Nimekutengenezea hizi tatu uone. Ukipenda, nitakufanyia duka zima kwa wiki moja, kisha tuzungumze malipo ya mwezi." Akikataa umepoteza saa mbili. Akikubali, andikeni makubaliano hata kwa ujumbe wa simu: matangazo mangapi kwa wiki, nani analipia bando, malipo tarehe ngapi. Bei itaje kwa shilingi. Tangu mwaka 2025 kanuni zinakataza huduma za ndani kutozwa kwa fedha za kigeni, na kwa kweli dola humtisha mwenye duka bila sababu.

Mteja wa aina hii hulipa kwa M-Pesa, Mixx au Airtel Money siku hiyohiyo. Unamfahamu, na akikwepa kulipa unajua pa kumkuta.

Ukienda kwenye majukwaa ya nje

Baada ya kazi tatu nne zenye sampuli, fungua akaunti Fiverr au Upwork, jukwaa ambako wateja hutangaza kazi nawe ukaziomba, kwa jina lilelile lililo kwenye kitambulisho chako, herufi kwa herufi. Upwork inataka uwe na miaka 18. Usinunue wala kukodi akaunti ya mtu, hata ikiwa ina nyota zote tano: siku jukwaa litakapoomba uhakiki wa sura, akaunti inafungwa na pesa zilizomo hazitakuwa zako. Kuomba kazi Upwork kunatumia tokeni zinazonunuliwa, kwa hiyo maombi matano yaliyoandikwa kwa kulisoma tangazo la mteja ni bora kuliko hamsini ya kunakili.

Jinsi ya kupokea pesa, ulizia kabla ya kazi. Kwa miaka mingi PayPal kwa Mtanzania imekuwa ya kulipia na kutuma, si ya kupokea, ndiyo maana wengi hupitia Payoneer, huduma nyingine ya malipo ya kimataifa, na kuitoa pesa benki. Soma makato yake, hasa ada ya mwaka inayokaribia dola 30 kwa akaunti inayopokea kiasi kidogo. Kwa aliyeingiza dola 100 mwaka mzima, ada hiyo ni pigo. Kampuni za Marekani zinaweza kukutaka ujaze fomu ya W-8BEN. Ni fomu ya kueleza kwamba wewe si mlipakodi wa huko, na hailipiwi. TIN, namba ya mlipakodi ya TRA, nayo hutolewa bure.

Jukwaa lolote laweza kuondoka bila kukuaga. Machi 2024 Remotasks, iliyokuwa ikiwapa vijana wengi wa Kenya kazi za kuweka alama kwenye data za akili mnemba, ilifunga huduma nchini humo kwa ghafla, na waliokuwa wakiitegemea peke yake waliamka hawana kazi. Ukipata kipato huko, usimwache mama wa vitenge.

Kazi moja hatuishauri kabisa, ingawa inalipa: kuwaandikia wanafunzi wa nje insha na tasnifu zao. Uingereza ilishapitisha sheria mwaka 2022 ya kuzuia biashara hiyo kwa wanafunzi wa England, na mwandishi hana pa kudai akidhulumiwa. Tena mwanafunzi anayeuza kazi za darasani atamweleza nini mkuu wa idara yake zikijulikana?

Kuhusu muda, jiografia inakusaidia. Saa tatu asubuhi New York ni saa kumi au kumi na moja jioni hapa, kutegemea majira yao, kwa hiyo mteja wa Marekani anaamka wakati wewe unatoka darasani. Shida huja wakati wa mitihani. Ratiba ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula, ikitoka, siku hiyohiyo waandikie wateja wote: utakuwa kimya kuanzia tarehe gani, utarudi lini, na kazi ipi utaikabidhi kabla. Wengi watakubali. Anayekataa, mrudishie kazi ambayo hujaianza na umwonyeshe mwenzako anayeweza kuimaliza.