Hivi kwa nini mashua ndogo ya tanga haikimbii hata ukiifunga mashine ya hp (nguvu za farasi) 15?

Jamaa yangu hapa Moshi ana mashua ya tanga ya mita 5, anaiweka Nyumba ya Mungu, na upepo ukikata katikati ya bwawa inabidi awe na mashine ya kumrudisha. Aliponiuliza achukue ya hp ngapi nikamjibu papo hapo, chukua 15, si ndo wanazotumia wavuvi Ziwa Victoria? Ya hp 3 niliiona kama ya kusagia nyanya. Kichwani mwangu mashine mara tano ni mwendo mara tano, au basi hata mara mbili.

Tukaazima ya 15. Mimi nikashika simu yenye GPS. Tukafungua mafuta kidogo tu, km 9 kwa saa. Tukafungua yote, kelele kama lori linapanda Sekenke, omo, yaani mbele ya mashua, ikanyanyuka, tezi, yaani nyuma, ikadidimia mpaka maji yakaanza kuchungulia kwa nyuma, petroli inateketea, na simu inasema 11. Kumi na moja!

Kosa langu lilikuwa kuichukulia mashua kama pikipiki. Pikipiki ukiongeza nguvu inapambana na upepo tu na msuguano, mashua inapambana na mlima ambao inautengeneza yenyewe.

Iko hivi. Mashua ikitembea inachonga wimbi lake, kilele kimoja kwenye omo na kingine kinafuata nyuma. Na mawimbi ya maji ya kina yana tabia ya ajabu, mwendo wake umefungwa na urefu wake kutoka kilele hadi kilele: la mita 5 linakwenda kama km 10 kwa saa, ukitaka la km 20 lazima liwe na mita 20. Sasa mashua ya mita 5 ikifika km 10, wimbi lake linakuwa na urefu sawasawa na mashua, kwa hiyo omo imekaa kwenye kilele kimoja, tezi kwenye kingine, katikati imelala kama mtu kwenye kitanda cha kamba kilicholegea. Ukilazimisha zaidi wimbi linarefuka, kile kilele cha nyuma kinaachwa, tezi inatumbukia bondeni huku omo bado iko juu. Hapo unapanda. Fikiria unasukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi kwenda Kibosho, ila ni barabara inayoinuka kadri unavyokaza: ukienda taratibu ni tambarare, ukitaka haraka inasimama kama ukuta, na ukiita watu wanne wakusaidie inazidi kusimama.

Haya mambo Mwingereza William Froude aliyachimba miaka ya 1870 kwa kukokota vimashua vya mfano kwenye birika refu huko Torquay. Mtu mzima, kazi yake kuvuta vimashua. Nampenda bure.

Na wavuvi wa Victoria je? Boti zao nyingi ni ndefu, na ndefu ina wimbi refu, basi. Zile nyepesi za tumbo bapa zinaweza hata kulipanda wimbi na kuteleza juu ya maji, na ngalawa kwa wembamba wake haichongi wimbi kubwa, kwa hiyo hesabu hii isikupeleke huko. Ni ya mashua nzito ya tumbo la mviringo yenye mkuku, ule uti wa mgongo wa mashua, chini.

Kwa hiyo ngapi? Wengi wanahesabu hp 4 kwa tani moja. Mashua ya kilo 600 na watu wake inatosheka na 2.5, ongeza kidogo kwa upepo wa mbele. Ukiwa Ziwa Duluti kule Tengeru, karibu mita 1,290 juu ya bahari, hewa nyepesi inaila injini ya petroli kama asilimia 3 ya nguvu zake kila mita 300 za kupanda, ongeza tena kidogo. Kinachosumbua zaidi ni urefu wa mguu wa mashine, ile sehemu inayoshuka majini na pangaboi lake. Ule mfupi wa sm 38 kwenye mashua ya tanga, mtu akisogea mbele kushusha tanga tezi inainuka, pangaboi linatoka nje linakoroga hewa, chukua wa sm 51.

Jamaa akanunua ya 3.5, mguu mrefu. Inampa km 9. Ile ya 15 tulipoirudisha tangi likiwa kavu, mwenyewe akatuuliza tulikuwa tunamkimbiza nani.