Kung'oa jino: maswali ya kabla ya sindano na ya baada yake

Wengi hufika kwa daktari wa meno wakiwa wameshang'olewa jino mara kadhaa kichwani mwao, kwa hadithi za majirani na za ndugu. Haya ndiyo maswali yanayojirudia. Baadhi ya majibu ni mafupi kwa sababu hayana cha kurefushwa.

Ni lazima ling'olewe? Haliwezi kuzibwa?

Mara nyingi linaweza. Jino lililotoboka ambalo linashtuka ukinywa kitu cha baridi kisha linatulia papo hapo bado lina nafasi nzuri ya kuzibwa. Hata lile ambalo kiini chake kimekufa huweza kusafishwa ndani ya mizizi, likazibwa na kukaa mdomoni miaka mingi. Yanayostahili kung'olewa ni meno yaliyovunjika hadi chini ya fizi, yaliyopasuka hadi kwenye mzizi, yaliyolegea kwa sababu ugonjwa wa fizi umekula mfupa unaoyashika, na magego ya mwisho yaliyokosa nafasi, ambayo fizi yake huvimba kila mara. Ukiambiwa ling'olewe, uliza kama kuna njia nyingine na kwa nini haikufai. Daktari mzuri hakasirikii swali hilo.

Nitasikia maumivu?

Sindano utaisikia. Baada ya dakika chache mdomo utakuwa mzito, na kama jino ni la chini, nusu ya ulimi pia inaweza kufa ganzi. Kuanzia hapo utasikia kusukumwa na kuvutwa, wakati mwingine kwa nguvu, na hapo ndipo wengi hushtuka wakidhani ganzi imegoma. Haijagoma. Ganzi huzima kwanza nyuzi za fahamu zinazobeba maumivu. Zile zinazobeba hisia ya kusukumwa ni nene zaidi na hazizimiki kirahisi. Lakini ukisikia kitu kikali, kama cha kuchoma, inua mkono. Daktari atasimama na kuongeza dawa. Kuvumilia kimya hakumsaidii yeye wala wewe, maana mgonjwa aliyekakamaa ni mgumu kutibu.

Dawa ya ganzi inayotumika sana ni lidokeini, na mara nyingi huchanganywa na adrenalini kidogo ili mishipa ya damu isinyae na dawa isiondoke haraka. Ndiyo sababu moyo unaweza kwenda mbio kwa dakika moja mbili baada ya sindano. Hutulia wenyewe.

Kwa nini nisingoje nimalize dozi ya antibiotiki kwanza, maana jino lina usaha?

Ni kweli kwamba palipo na usaha ganzi hushika kwa shida, kwa sababu asidi iliyopo kwenye uvimbe huizuia dawa kupenya ndani ya mshipa wa fahamu. Hata hivyo, mara nyingi daktari anaweza kuchoma sindano mbali na uvimbe, akauzima mshipa mkubwa unaolisha eneo lote. Chanzo cha usaha ni jino lenyewe, na antibiotiki hazilifikii ndani kwa sababu mzizi uliokufa hauna damu ya kuzipeleka. Anayemeza dozi, akapata nafuu na kuahirisha safari, kwa kawaida hurudi akiwa na uvimbe mkubwa zaidi.

Nimweleze daktari nini kabla hajaanza?

Dawa zote unazotumia, hata zile unazoziona hazihusiani na meno. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kwa mfano wafarini, asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe: hatari ya kiharusi ni kubwa kuliko damu ya jino, ambayo daktari anaweza kuidhibiti kwa kushona na kubana. Atahitaji tu kipimo cha damu cha karibuni. Taja pia dawa za kuimarisha mifupa, hasa za sindano, na kama umewahi kupigwa mionzi eneo la taya, kwa sababu mifupa ya namna hiyo hupona vibaya sana. Mwenye vali bandia ya moyo huhitaji antibiotiki saa moja hivi kabla ya kung'olewa. Kisukari, mzio wa dawa na ujauzito, vyote viseme. Ujauzito haukatazi kung'oa jino lenye maambukizi. Miezi mitatu ya katikati ndiyo yenye nafuu zaidi kwa mama kukaa kwenye kiti.

Kama ni ganzi ya kawaida, kula kabla ya kwenda. Njaa na woga vikikutana ndipo watu huzimia. Kufunga kunahitajika tu pale utakapolazwa usingizi, na utaelekezwa saa za kuanza.

Linang'olewaje hasa?

Jino halijagandamana na taya. Limeshikwa na nyuzi laini nyingi sana kati ya mzizi na mfupa. Daktari huingiza chombo chembamba kuzilegeza nyuzi hizo, kisha hulishika jino kwa koleo na kulitikisa pole pole, nje na ndani, kama mtu anayeng'oa nguzo ardhini: kila mtikiso hupanua shimo kidogo. Nguvu ya kuvuta ni ndogo kuliko watu wanavyofikiri. Unaweza kusikia mlio wa kukwaruza au wa kuvunjika. Hauashirii taya kuvunjika; mfupa wa taya hupeleka sauti sikioni moja kwa moja. Jino lenye mizizi iliyopinda hukatwa vipande kwanza, kila kipande kikatolewa peke yake. Kazi ya kawaida huisha kwa dakika chache. Magego yaliyozikwa ndani ya mfupa huchukua muda zaidi na hushonwa.

Mbona marufuku ni nyingi baada ya hapo? Usisukutue, usivute sigara, usinyonye mrija...

Zote zinalinda kitu kimoja: bonge la damu linaloganda ndani ya shimo. Bonge hilo ndilo kifuniko cha mfupa, na ndilo tishu mpya hujijengea. Likitoka, mfupa hubaki wazi. Kwa hiyo ng'ata pamba uliyopewa kwa nusu saa bila kuichungulia. Kila ukiitoa kutazama, unavuruga damu inayoganda. Siku ya kwanza usisukutue, usiteme kwa nguvu, usinyonye kitu kwa mrija, usifanye kazi nzito. Usile upande ule mpaka ganzi iishe, maana unaweza kujing'ata ulimi bila kujua, na kwa watoto hilo hutokea mara kwa mara. Sigara ndiyo adui mkubwa kuliko wote: joto, moshi na ile nguvu ya kuvuta vyote hulishambulia bonge. Kama kuacha huwezi, angalau zipite siku tatu.

Kuanzia siku ya pili, sukutua taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi, hasa baada ya kula. Meno mengine endelea kuyapiga mswaki kama kawaida.

Mate yangu yana damu hadi kesho yake. Ni kawaida?

Mekundu kidogo, ndiyo. Tone moja la damu kwenye mate huonekana kama mafuriko. Kinachohitaji hatua ni damu inayojaza mdomo. Kunja pamba au kitambaa safi kilicholowa kidogo, weka juu ya shimo, ng'ata kwa nguvu dakika 30 ukiwa umeketi wima. Isipokoma, rudi kwa daktari hata kama ni usiku.

Nitumie dawa gani ya maumivu?

Ibuprofeni pamoja na parasetamoli, kwa wanaoruhusiwa kuzitumia, hutuliza maumivu ya jino vizuri sana, mara nyingi vizuri zaidi kuliko dawa kali zinazolewesha. Meza dozi ya kwanza kabla ganzi haijaisha. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au ujauzito asitumie ibuprofeni bila kuuliza. Aspirini usiitumie kwa maumivu haya kwa sababu huongeza kutoka damu, isipokuwa ile uliyoandikiwa kwa ajili ya moyo, ambayo unaendelea nayo. Na kamwe usiiweke aspirini juu ya fizi. Inaunguza.

Maumivu yalikuwa yanapungua, siku ya tatu yakarudi makali hadi sikioni.

Huenda bonge limetoka na shimo limebaki kavu. Harufu mbaya na ladha chungu huambatana nalo. Hutokea zaidi kwenye magego ya chini na kwa wavutaji sigara. Kwa kawaida hali hii haihitaji antibiotiki: daktari huosha shimo na kuweka dawa ya kutuliza ndani yake, na wengi hupata nafuu siku hiyo hiyo. Uvimbe nao hufikia kilele siku ya pili au ya tatu kisha hushuka. Ukiongezeka baada ya hapo, au ukapata homa, ukashindwa kufungua mdomo, ukapata shida ya kumeza au kupumua, usingoje miadi. Nenda hospitali mara moja.

Kung'oa jino la juu kunapofusha macho?

Hapana. Mishipa ya fahamu ya meno na ile ya kuona ni tofauti kabisa. Hatari halisi ya magego ya juu ni nyingine: mizizi yake iko karibu na uwazi wa hewa ulio nyuma ya shavu, na mara chache tundu hubaki kati yao. Ukinywa maji yakatokea puani, usipenge kamasi. Rudi kwa daktari.

Pengo liachwe hivyo hivyo?

La gego la mwisho, ndiyo. Mapengo mengine huwa na gharama ya polepole, kwa sababu meno jirani huinamia nafasi iliyo wazi na jino la taya ya pili linalotazamana na pengo huanza kushuka au kupanda kulifuata. Fizi hujifunga kwa wiki mbili tatu, lakini mfupa hujaa kwa miezi kadhaa, kwa hiyo suala la daraja (jino bandia linaloshikizwa kwenye meno jirani), jino bandia la kuvaa au la kupandikizwa lizungumzwe mapema, ikiwezekana kabla jino halijang'olewa.