Kama Simu Inavuta Radi, Mwembe Una Laini Gani?

Juzi tena. Taa ziko majini, dagaa wameanza kuchemka chini ya mwanga, umeme unamulika kule upande wa kisiwa cha Ukara, na kijana mpya ananiambia: "Nahodha, zima simu, itatuletea radi." Haya nimeshayasikia kwa wavuvi, kwa abiria, hata kwa mwalimu mmoja wa fizikia, Mungu amsamehe.

Radi inashuka kutoka kilomita kadhaa juu, na karibu safari yake yote haina habari kama wewe upo. Ni makumi ya mita za mwisho tu ndipo inapochagua pa kutua, na hapo kinachohesabika ni nani ameinuka kuliko wenzake. Katikati ya Ziwa Victoria, palipo tambarare kama sinia, aliyeinuka ni wewe uliyesimama mtumbwini. Simu mfukoni haikuongezei urefu hata wa ukucha. Na wanaosema chuma ndicho kinachoiita: mwembe una chuma gani? Mbona unapasuliwa kila masika? Chuma hupitisha umeme ukishafika, ndiyo maana siku hiyo usikumbatie injini. Kuuita, hakiuiti.

Najua imani hii ilikotoka. Enzi za simu za waya, na redio zenye waya mrefu wa antena juu ya bati, radi ikipiga nje iliufuata waya mpaka ndani. Hiyo ni kweli, na hata leo simu iliyochomekwa ukutani wakati wa ngurumo, usiiguse. Lakini mtumbwini umechomeka wapi?

Ningenyamaza kama isingekuwa na gharama. Kuna mtumbwi wa mwalo (pwani ya wavuvi) wa jirani uliozimikiwa injini usiku wa mvua. Watu wanne, simu tatu, zote zimezimwa kwa amri ya nahodha, na walikuwa karibu na kisiwa chenye mtandao. Tuliwatafuta upande usio wao mpaka adhuhuri. Tuliwakuta hai kwenye matete, wamekaukwa midomo, simu bado zimefungwa kwenye nailoni, zina chaji tele.

Halafu mtu anaiogopa radi, upepo anausahau. Upepo ndio unaopindua mitumbwi. Mchana nchi kavu hupata joto na mawingu hujijenga huko. Usiku inapoa, maji yanabaki na joto lake, pepo za kila pwani zinashuka kukutana ziwani, na hewa haina pa kwenda ila juu. Kwa hiyo ukiniambia "leo mchana kulikuwa kweupe," hujaniambia kitu. Mvua ya ziwa ni ya usiku, saa zile zile tunazovua dagaa kwenye giza la mwezi.

Na upepo wenyewe hausubiri mvua. Hewa baridi inaporomoka kutoka winguni na kutambaa juu ya maji kama ndoo iliyomwagwa sakafuni, mbele ya tone la kwanza. Maji yanalala kama mafuta, kuna joto zito, ghafla ubaridi shingoni na taa zinaanza kucheza. Ukingoja hapo umechelewa. Jaketi okozi, omo (mbele ya mtumbwi) ielekee wimbi, kaa chini: mnayajua, sirudii.

Dawa ni kuhesabu mapema. Zima injini (injini, si simu!) usikilize. Kuanzia mmuliko mpaka ngurumo, kila sekunde tatu ni kilomita moja. Sekunde 30 ni kilomita 10, na wingu linalokimbia kilomita 40 kwa saa linakufikia kwa robo saa. Mtumbwi uliojaa haushindani nalo.

Vitabu vinaishia hapo. Havisemi kwamba wingu likimulika mara kumi kwa dakika hujui ngurumo ipi ni ya mmuliko upi, wala havisemi mafuta ya usiku mmoja ni bei gani. Juzi hiyo, baada ya kumpa yule kijana somo lote hili, nilihesabu mpaka 28. Dagaa walikuwa wamejaa tele chini ya taa ya tatu. Nikamwambia tuvute wavu kwanza.