Kwa nini vichwa vya treni vya miaka ya 1960 bado vinafanya kazi Uingereza?

Je, wajua kwamba kwenye vichwa vingi vya treni vya dizeli, injini haizungushi magurudumu? Ukilielewa hilo, utaelewa kwa nini baadhi ya vile vinavyoitwa Class 37 vimedumu kazini zaidi ya miaka 50. Kampuni ya English Electric iliunda 309 kati ya 1960 na 1965.

Injini ya kila kichwa, ya silinda 12, yenye nguvu za farasi 1,750, huzungusha jenereta. Umeme hupita kwenye nyaya hadi mota sita, kila ekseli (mhimili wa magurudumu) na yake. Ukichungulia chini utaiona mota imeegemea ekseli yenyewe, gia yake ndogo imeuma gia kubwa ya ekseli. Mota ikiungua, mafundi huinua bodi kwa jeki, huvuta nje fremu yenye magurudumu na mota zake, na kusukuma nyingine mahali pake. Injini haiguswi. Nayo haikimbizwi: kasi yake ya juu ni mizunguko 850 kwa dakika, wakati ya gari dogo hupita 5,000, kwa hiyo haichakai upesi. Injini za ukoo huohuo zilivuta treni za Reli ya Afrika Mashariki pia.

Kazi zenyewe zilibadilika mno. Mwanzoni vingi vilibeba boila, ingawa ni vya dizeli! Mabehewa ya abiria wakati ule yalipashwa joto kwa mvuke, kama enzi za makaa. Katikati ya miaka ya 1980, vichwa 31 vilifumuliwa na kufungwa mtambo wa umeme wa kupasha mabehewa. Vingi vilipelekwa Uskoti, na huko uzito ulivifaa: tani mia na kidogo zikigawanywa kwa ekseli sita, hata njia zisizohimili vichwa vizito zaidi hupitika. Wales navyo vilivuta makaa ya mawe na madini ya chuma, na karibu na 2000 vingine vilivushwa hadi Ufaransa kusaidia ujenzi wa reli ya mwendokasi.

Mwaka 2015, treni za abiria zilipopungua pwani ya Cumbria, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, ni hivihivi vilivyoitwa kuvuta mabehewa, hadi 2018. Vilivyostaafu navyo hufunguliwa vipuri, kwa sababu bado kuna wenzao relini wanaovihitaji.